Jumapili Thelathini na Tatu za Kumngoja Melvina

Baba Askofu, uliyekaa kwenye boti saa tisa nzima na mgongo wako unaouma ili uwe nasi asubuhi hii. Mheshimiwa Mwamuzi wa kijiji chetu cha Laya Pihni. Mchungaji Hollis Castellón na mama mchungaji. Wazee wa kanisa, mliokaa upande wa wanaume mkijifanya hamkusinzia wakati wa mahubiri. Akina mama wa nguo nyeupe. Ndugu wageni waalikwa kutoka vijiji vya pwani na vya juu ya mto. Na ninyi mliobaki madirishani kwa sababu mmechelewa, kama mnavyochelewa kila mwaka: nawasalimu nyote kwa jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Kama kuna mkubwa niliyemruka, anisamehe, maana mimi ni mwoka mikate, sikusomea itifaki.

Najua wengi wenu mmeshangaa kuona kwamba mimi, Orlinda Kingsman, ndiye ninayemuaga dada Melvina Budier anapoiacha kazi yake. Minong'ono nimeisikia. Mtu mmoja, simtaji jina lakini amevaa shati la kijani, alisema jana pale gatini, "Kumpa Orlinda amsifu Melvina ni kumpa paka alinde samaki." Ndugu yangu wa shati la kijani, hukukosea. Kwa miaka mingi sikumpenda mwanamke huyu. Nilimsalimia, nilimpelekea mkate wa nazi alipougua, nilikaa jirani naye kwenye benchi moja, lakini kumpenda, hapana. Na leo nimeomba mwenyewe kusimama hapa, kwa sababu katika kijiji hiki hakuna aliyemchunguza kwa karibu kama mimi. Nani anayekujua vizuri kuliko mtu anayetafuta kosa lako?

Wageni wetu, mtanivumilia niwaeleze jambo ambalo hata mtoto wa hapa analijua. Sisi hatuna kinanda. Kilichokuwepo kililiwa na mchwa kabla sijazaliwa, na wazee wakaweka utaratibu wao: mtu mmoja ndiye anayeanzisha nyimbo. Mchungaji anataja namba, watu wanasimama, kunakuwa kimya, na katika kimya kile mtu mmoja anatoa neno la kwanza, sisi tunaingia kwenye neno la pili. Hakuna mwingine anayefungua mdomo kabla yake, awe askofu, awe nani. Kazi hiyo haipigiwi kura wala mchungaji hateui mtu. Anayeiacha humkabidhi mwingine kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya watu, na asipofanya hivyo, inabaki kuwa yake mpaka anapokufa.

Miaka thelathini na sita iliyopita, aliyekuwa nayo ni Bibi Tersila, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa na sauti. Nasema bila haya, nilikuwa na sauti. Watu walikuwa wakisimamisha mitumbwi. Melvina alikuwa na sauti ya kawaida, tena alikuwa anaanza juu mno, wanaume wanakwama katikati ya ubeti kama ng'ombe kwenye matope. Siku ya kukabidhi nilivaa gauni jipya. Bibi Tersila akasimama, akanipita mimi na gauni langu, akamshika Melvina mkono. Nilipomfuata nyumbani kwake kumuuliza sababu, alikuwa anamenya muhogo, hata hakuinua uso.

"Orlinda, mjukuu wangu, unaimba kumshinda," akaniambia.

"Sasa kwa nini, bibi?"

"Kwa sababu wewe ukiimba, unajisikiliza."

Mnacheka. Mimi sikucheka. Nilinuna miaka ishirini na saba.

Kwa miaka hiyo yote Melvina alianzisha. Alianzisha kwenye ubatizo wenu, kwenye ndoa zenu, zile zilizodumu na zile ambazo tusiziseme leo mbele ya Baba Askofu. Alipomzika mumewe, Ruford, alianzisha mwenyewe nyimbo zote za mazishi, amesimama wima, mkono juu ya jeneza. Tukaona, tukastaajabu, tukaenda nyumbani tukisema yule mwanamke ni nguzo ya mkangazi. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu. Nguzo ukishaiita nguzo, nani tena anakwenda kuitazama kama inaoza chini?

Alibaki na mtoto mmoja, Elster. Mnamkumbuka Elster, alivyokuwa akicheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe, na wewe unabaki hujui ulikuwa unahusu nini. Alikuwa mzamiaji wa kamba koche, kama nusu ya wanaume wa hapa. Zamani kamba koche waliokotwa kwenye maji ya kiunoni. Siku hizi vijana wetu wanawafuata chini kabisa, mtungi wa hewa mgongoni, mara kumi kwa siku, na wengine wanarudi miguu imekufa. Wamo humu ndani, kwenye viti vyao vya magurudumu, na ndio wanaoimba kwa nguvu kutushinda sisi wenye miguu.

Mwezi wa Agosti, miaka tisa iliyopita, meli iliondoka na wazamiaji kumi na wanane, ikarudi na kumi na saba. Elster alishuka, hakupanda. Walimtafuta siku mbili. Nahodha akamletea mama yake begi la nguo, na shati la juu kabisa lilikuwa bado lina jasho lake. Hakukuwa na mwili wa kuosha, hakukuwa na jeneza la kuwekea mkono. Wazee wetu walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami niliyekuwa jirani yake nashuhudia kwamba sikuujua; nilisikia tu jinsi nyumba ile ilivyokuwa kimya.

Jumapili iliyofuata alikuja. Alikaa mahali pake. Mchungaji Hollis, aliyekuwa mgeni kwetu, hata viatu vyake vilikuwa bado vinang'aa, akataja wimbo. Tukasimama. Kimya kikaja, kama kinavyokuja siku zote, na tukangoja neno la kwanza. Halikuja. Melvina akafunga kitabu chake, akasema, wala hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayetoa taarifa ya mvua:

"Mchungaji, nitakuja kila Jumapili kwa sababu miguu yangu imezoea njia. Lakini sitaimba. Mungu akiutaka wimbo wangu, anajua alikomweka mwanangu."

Akakaa chini.

Ndugu zangu, mlikuwepo. Mlisikia baridi mliyoisikia. Huyu ndiye aliyekuwa akitutolea neno la kwanza la imani yetu kila wiki, na sasa alikuwa kama amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Kama Melvina angetoka, je, sisi tungekuwa na ujasiri gani wa kubaki? Mimi mwenyewe nilijiuliza, na jibu nililolipata halikunipendeza.

Mzee Ansel, aliyekuwa mkuu wa wazee wa kanisa wakati ule, ndiye aliyesema. Hakwenda mbele, alisema pale pale alipokuwa.

"Wimbo huu una beti nne. Tusimame muda wa beti nne, halafu tukae."

"Tusimame tu?" mtu akamuuliza.

"Tusimame tu."

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka aanze."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Namba inatajwa, vitabu vinafunguliwa, watu wazima mia mbili wanasimama wakipitisha macho kwenye maneno, midomo inacheza bila sauti, ukurasa unageuzwa, kisha tunakaa. Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tano. Melvina anasimama nasi, macho kwenye sakafu. Mgeni mmoja kutoka kanisa jingine alituona, akaenda kutangaza mto mzima kwamba Laya Pihni wameingiliwa na pepo bubu. Tukamwacha aseme.

Mchungaji, sasa nitakutaja, uniwie radhi mbele ya askofu wako. Jumapili ya sita uvumilivu ulikuishia. Ulitaja namba, tukasimama, na kabla kimya hakijakaa vizuri, ukaanzisha mwenyewe. Loo. Uliimba beti nne peke yako, ndugu yangu, kama mtu anayeita mbuzi wake waliopotea, jasho linakutoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeingia. Tulikuwa tunakuonea huruma, lakini hatukuingia. Ulinikuta mlangoni ukaniuliza, "Bibi Orlinda, watu hawa wamenigomea?" Nikakwambia, "Hapana, mchungaji, hawajakugomea. Umekalia kiti cha mtu." Na nakusifu leo hadharani, kwa sababu mwingine angekasirika akaandika barua kwa wakubwa, lakini wewe Jumapili iliyofuata ulitaja namba, ukasimama ukanyamaza pamoja nasi. Siku ile ndipo ulipokuwa mchungaji wetu.

Kisha Novemba kikaja kimbunga. Sina haja ya kuwasimulia. Kila mmoja ana chake. Kiliondoa paa la kanisa, kikaondoa kuta, kikaacha nguzo na ngazi za kupandia kwenda pasipo na kitu. Kengele tuliikuta kwenye matope ya kinamasi. Vitabu vya nyimbo tulivianika kwenye kamba kama nguo, vingine mpaka leo vinanuka maji ya chumvi. Nyumba ya Melvina haikubaki ila mlango mmoja, umelala kifudifudi kwenye mchanga. Nyumba yangu ilipoteza mabati matatu tu, na kwa kuwa Mungu ana utani wake, Melvina akaletwa kwangu.

Miezi mitano tuliishi pamoja, mimi na yeye, chini ya paa moja lililovuja. Watu walikuja kumfariji. Mungu awabariki waliokuja na ndizi na nyama ya kasa. Wale waliokuja na maneno, sijui niseme nini juu yao. Mmoja akamwambia Mungu huwachuma kwanza maua mazuri. Mwingine akamwambia kimbunga ni adhabu ya dhambi za kijiji, akamtazama kana kwamba dhambi zenyewe anazifuga yeye. Melvina aliwasikiliza wote, akawaandalia wabul, wakanywa ndizi zao na tui lao wakaondoka. Mlango ukifungwa ananiambia, "Orlinda, hawa watu Mungu wanamjua sana kunishinda." Hakuwa anacheka. Alikuwa bado anakuja kanisani, sasa chini ya turubai, mvua inatuingia shingoni, anasimama, anakaa. Lakini nilianza kuona kitu. Jumamosi alikuwa haandai tena nguo yake nyeupe. Ilibidi nimwambie.

Asubuhi moja ya Februari nilikuwa nakanda unga. Akaja akakaa kwenye kigoda.

"Orlinda, Jumapili nitasimama mbele ya watu nikukabidhi. Chukua hii kazi."

Mikono yangu ilikuwa kwenye unga mpaka viwiko. Kitu nilichokitaka tangu nilipokuwa na gauni jipya, kitu kilichonifanya ninune miaka ishirini na saba, kimeletwa jikoni kwangu bila kuombwa. Je, mngekuwa ninyi mngefanyaje? Ningependa kuwaambia kwamba nilikataa kwa upendo. Nilikataa kwa hasira.

"Umenikalia juu miaka yote hii, leo unanitupia kama mfupa wa samaki?" nikamwambia. "Sitaki."

"Uliitaka siku zote."

"Niliitaka. Lakini ukishanipa, wewe utabaki na nini?"

"Nitapumzika."

"Utapumzika wapi? Nakujua, Melvina. Jumapili ya kwanza utakuja. Ya pili utasema kichwa kinauma. Ya tatu mvua. Ya nne hata sababu hutatoa. Hiyo kazi ndiyo kamba pekee inayokufunga na Mungu, na unataka mimi ndiye niikate. Tafuta kisu kingine."

"Basi itakufa na mimi."

"Na ife na wewe. Mimi simo."

Wiki nzima hatukusemeshana. Wanawake wawili, sufuria moja, tunaombana chumvi kwa kuonyeshana kidole. Na Jumapili tukaenda, tukasimama muda wa beti nne, tukakaa.

Ikafika Jumamosi ya kabla ya Pasaka. Ninyi wa hapa mnajua kazi ya siku ile: kila ukoo unakwenda makaburini, unafyeka nyasi, unapaka misalaba chokaa, ili kesho yake alfajiri, tutakapokuja kumpokea Bwana aliyefufuka, wafu wetu wakutwe wasafi. Na mnajua kwamba alfajiri ile wimbo wa kwanza huanzishwa kwenye msalaba mpya kuliko yote, palipo na msiba mbichi. Hata bahari ikimchukua mtu, msalaba wake huwekwa. Wa Elster haukuwekwa. Melvina alikataa. Tangu Agosti wazee walimwendea mara tatu, mara tatu akawarudisha.

Nilichukua ndoo yangu ya chokaa, nikasimama mbele yake.

"Twende. Wenzako wanapaka."

"Sina wa kumpakia."

"Una Ruford. Msalaba wake umeota ukungu kwa sababu ya uvivu wako."

"Mpakie wewe."

"Na Elster?"

Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile. "Nikiweka msalaba, Orlinda, nitakuwa nimemzika kwa mkono wangu. Kaburi halina mtu. Nitasimama mbele ya kaburi tupu nifanye nini?"

Hapo ndugu zangu nilipaswa kunyamaza. Mtu mwenye adabu angenyamaza. Mimi nikasema, "Miaka ishirini na saba, kila Pasaka, umetuanzishia wimbo kwamba kaburi ni tupu. Ulikuwa unatuimbia nini? Ulikuwa unajua maana yake, au ulikuwa unatoa sauti tu?"

Akasimama akanionyesha mlango. Wa nyumba yangu mwenyewe. "Toka," akasema. Nikatoka. Nikaenda makaburini nikampakia Ruford chokaa, nikilia kwa kujua kwamba safari hii nimemvunja, kwamba kesho hatakuja, na kwamba ni mimi niliyemsukuma nje kwa mdomo wangu mrefu.

Kulipokaribia kupambazuka tulikwenda, kila mtu na taa yake. Niliangalia mahali pake. Hakuwepo. Mchungaji akasubiri, akaangalia mashariki, akaangalia saa. Kisha tukamwona anatoka upande wa pwani, kule ilikokuwa nyumba yake, amebeba kitu begani, anapepesuka. Wanaume wakataka kukimbia kumsaidia, akawakataza kwa mkono. Ulikuwa ni msalaba. Alikuwa ameupasua ule mlango wa nyumba yake, mbao mbili, akazipigilia misumari iliyopinda, na jina la mwanawe ameliandika kwa mkaa. Akauchimbia mwenyewe ubavuni mwa Ruford, kwa panga, tukimtazama. Ukakaa umeinama kidogo. Umeinama mpaka leo, nendeni mkauone, na amekataza usinyooshwe.

Mchungaji akasema, "Bwana amefufuka." Tukaitika, "Hakika amefufuka." Kikaja kimya.

Tulikuwa tumekizoea kimya kile. Ilikuwa Jumapili ya thelathini na tatu. Tulijua urefu wake, tulijua tutasimama beti nne, jua litatoka, tutakwenda nyumbani. Nilikuwa nimekwisha kuinamisha kichwa.

Na Melvina Budier akaanza.

Akaanza juu mno. Jamani, juu mno kuliko siku zote, sauti imepata kutu, inakwaruza kama mtumbwi juu ya changarawe, na hakuna mwanaume hata mmoja aliyeweza kufika kule, lakini wote walikwenda. Watu mia mbili waliokuwa na wimbo umefungwa kifuani miezi minane waliufungua kwa mara moja. Walioteguka mgongo kwa kimbunga waliimba, waliozika watoto waliimba, wazamiaji kwenye viti vyao walishika magurudumu wakaimba. Wengine walisahau maneno wakaimba sauti tu. Mzee Ansel alikuwa anaimba na machozi yanamwingia mdomoni.

Kwenye ubeti wa pili akakatika. Alifika kwenye neno la kaburi, akatazama msalaba, sauti ikaondoka. Na desturi yetu inasemaje? Mwanzishaji akikatika, wimbo unaachwa. Hakuna anayeruhusiwa kuuokota. Niliwaona watu wanaanza kufumba midomo. Baba Askofu, nakiri mbele yako: nilivunja desturi. Niliuokota. Niliingia chini yake kwa sauti ya pili, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa najisikiliza, nilikuwa namsikiliza yeye anavyovuta pumzi. Nikaubeba wimbo mpaka mwisho wa ubeti. Wa tatu akarudi. Wa nne tukaumaliza pamoja, yeye juu kule na mimi chini huku, jua likiwa limeshapanda juu ya bahari ile ile iliyomchukua mwanawe.

Tulipokuwa tunarudi njiani nilidhani ataniambia asante. Akaniambia, "Uliingia chini sana."

"Na wewe ulianza juu sana."

"Najua," akasema. Kisha akanishika mkono mpaka nyumbani.

Nilimuuliza baadaye, tukinywa kahawa, nini kilichomrudisha. Nilitaka aseme ni maneno yangu, maana mimi ndivyo nilivyo. Akasema, "Maneno yako yaliniudhi tu. Kilichonirudisha ni kusimama kwenu. Kama mngempata mwingine wa kuanzisha, ningemwacha Mungu polepole, hata nisingejua siku niliyomwacha. Lakini kila Jumapili mlisimama mkaningoja. Nikasema, kama watu hawa wenye njaa na nyumba zilizoanguka wanaweza kuningoja hivi, huenda na yeye ananingoja."

Vijana, mnaodhani imani ni kutolia, sikilizeni. Dada huyu alimgomea Mungu miezi minane, lakini alimgomea akiwa ndani ya nyumba yake. Hakuwahi kusema haumii. Na sisi hatukuwahi kumwambia aache kuumia. Tulisimama tu, na huo ndio ushindi wetu, na kanisa hili mnaloliona, lililotuchukua miaka na bado linanukia mbao mbichi, tulilijenga watu tuliokwisha kushinda kabla hatujapiga msumari wa kwanza.

Sasa nifike kwenye la leo. Mnajua kwamba tangu mwaka jana koo la dada Melvina liliugua. Akapelekwa mjini, akapasuliwa, na daktari akamwambia kwamba uhai atakuwa nao, sauti hatakuwa nayo. Atanong'ona mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyekuwa kando ya kitanda. Nilimtazama nikiogopa, nikasema moyoni, Mungu, mume, mwana, nyumba, na sasa hata hili? Nikamuuliza, "Melvina, safari hii utamwambia nini?" Akanivuta sikio, mlijue hilo, alinivuta sikio kweli, akaninong'oneza: "Nitamwambia asante kwa kuniazima sauti. Ilikuwa yake."

Huyo ndiye mwanamke yule yule aliyefunga kitabu. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kifo na kimbunga havikumnyamazisha moja kwa moja, na ugonjwa, ulioichukua sauti yake, ndugu zangu, umeshindwa kuchukua wimbo. Nani sasa atasimama hapa aseme kwamba Mungu wetu ameshindwa?

Dada Melvina, simama, njoo hapa. Taratibu na ngazi. Desturi inataka umkabidhi unayemtaka kwa kinywa chako mwenyewe, nasi tutatosheka na mnong'ono.

Amenishika mkono. Mmeona wenyewe, ni mkono wangu.

Mlioko nyuma hamkusikia alichosema, nitawaambia. Nilidhani ataniusia nisijisikilize, au nisianze chini. Amesema, "Siku utakayoshindwa, usijifiche. Tutasimama."

Nimeipokea. Nina miaka sitini na tisa, naogopa, na nimeipokea.

Baba Askofu, Mheshimiwa Mwamuzi, mchungaji wetu, wageni wetu mliokuja kwa maji na kwa miguu, asanteni kwa kunitegea sikio na kwa kumngoja dada yetu apande ngazi. Mungu awape na ninyi watu wa kuwangoja. Chakula kiko tayari nje, lakini kwanza fungueni vitabu, wimbo wa Pasaka, ingawa si Pasaka.

Simameni.